Jaribio la Shilingi Mia Tano

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia sifa nzuri. Mume wangu ana wake wawili: mimi niko Arua, mwenzangu yuko Koboko, na yeye mwenyewe yuko barabarani na magunia yake ya maharage na mtama. Wiki moja kwangu, wiki moja kule. Watu huniuliza kama nimezoea. Nimezoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Miaka tisa nilimwita "wa Koboko". Wa Koboko ameamkaje? Hii mihogo ni ya wa Koboko? Tulikutana kwenye misiba na kwenye Idi, tukapeana mikono, tukaulizana habari za watoto, basi. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Salamu zetu zilipita kwa mume wetu. Mimi ni Mlugbara wa Ayivu, nilisilimu nikaolewa. Yeye ni Mkakwa. Na baba mkwe wetu alikuwa askari, kwa hiyo nyumba nzima hukutana kwenye Kiswahili alichorudi nacho kutoka kambini. Mimi changu nilikinyoosha shuleni na kwenye vitabu. Cha mwenzangu hakijanyooka, na hilo nalo nililiweka kwenye orodha ya mambo niliyomzidi.

Yaliyonikuta yalianzia kwenye mnada. Kuna kituo cha afya, sitakitaja, ambacho akina mama walikuwa wanajifungulia kwenye kitanda kimoja chenye mguu uliofungwa waya. Tukaunda kamati, tukaamua kuchanga tuwanunulie vitanda viwili na tangi la maji. Kuchanga kwa huku kunajulikana: baada ya sala mmoja analeta jogoo, mwingine papai, mwingine sahani ya mayai, na kila kitu kinanadiwa kwa bei ambayo sokoni Inde wangekucheka. Mtu ananunua sifa zake mbele ya watu, na jogoo anamfuata tu nyumbani. Lakini watoto wa hapa wenye pesa hawako hapa. Wako Kampala, Juba, Dubai, London. Kwa hiyo mnada tukauhamishia kwenye kundi la simu: picha inawekwa, watu wanaandika bei zao, muda ukiisha mwenyekiti anafunga.

Mwaka wa kwanza tuliaibika. Bwana mmoja aliyeko ng'ambo alimpandisha jogoo mwekundu mpaka bei ya fahali. Tukampongeza, tukamwombea dua ndefu, na siku hiyo hiyo akatoka kwenye kundi. Aliyemfuata kwa bei akasema alikuwa anatania. Jogoo akabaki kwa mwenyekiti miezi mingi akila mtama wa watu, na kila tulipokwenda kikao alituwikia usoni. Ahadi ni deni, lakini deni la mtu aliye Dubai utalidaia mlango gani?

Safari iliyofuata tukaweka masharti. Anayetaka kununua aseme mapema anataka kitu gani na mwisho wake shilingi ngapi. Jina lake lilingane na jina la laini yake ya simu. Kukiwa na kasoro yoyote, alete mdhamini wa huku nyumbani, mtu anayejua maisha yake, atuambie kama pesa ipo kweli au ni mdomo tu. Kazi ya kuwachunguza nikapewa mimi. Nina duka la ushonaji kando ya barabara, watu wote hupita hapo, na mwenyekiti alisema mbele ya kikao kizima, "Huyu mama iko mukali. Mutu hapana kudanganya yeye." Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo serikalini.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unachukua namba ya mtu, unaanza kumtumia shilingi mia tano. Kabla pesa haijaondoka, simu inakuonyesha jina la mwenye laini na kukuuliza kama una hakika. Hapo unalisoma jina, unaliandika kwenye daftari, kisha unakata. Mia tano yako inabaki kwako. Kwa njia hiyo nilimkuta mwalimu mmoja mwenye laini ya jina la mama yake, na tajiri wa mbao ambaye laini yake kumbe ni ya mkewe. Niliwapigia, wakacheka kwa aibu, wakaleta wadhamini wao wakanena kwa ujumbe wa sauti, nikawapitisha. Nilikuwa na huruma sana kwa watu ambao hawakuwa wake wenzangu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa shuka. Shuka jeupe la kitanda kikubwa, nililolitarizi kwa mkono kwa miezi mitatu: wale ndege kanga wa madoadoa wakizunguka pindo lote, kila mmoja na jicho lake jekundu. Jumatatu picha za vitu zikawekwa kwenye kundi ili watu wachague. Mbuzi akajaziwa alama za moyo. Asali ikajaziwa. Hata jogoo yule mwekundu, ambaye mwenyekiti alimleta tena ili aondokane naye, akapata mioyo yake. Shuka langu halikupata hata mmoja. Nikajiambia kwamba wanaume hawajui mashuka.

Alhamisi asubuhi ukaingia ujumbe wa namba ngeni. "Dada mukubwa, ni mimi ya Koboko. Mimi nataka ile shuka. Mwisho yangu laki mbili."

Laki mbili! Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwomba mume wangu pesa ya mota ya cherehani, maana miguu imechoka kukanyaga, akaniambia biashara imelala, nivumilie. Niliweka mkasi mezani. Nikaanza kutuma mia tano kwa ile namba, simu ikafikiri kidogo, ikaniletea jina la mume wangu. Majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti chetu cha ndoa.

Nikakata. Nikajaribu tena, labda nimekosea tarakimu. Likaja lile lile. Mteja aliyekuja kuchukua gauni lake nikamkabidhi huku bado naitazama simu. Laini yangu mimi iko kwa jina langu mwenyewe. Naikumbuka siku ile: mume wangu alinipeleka, nikatoa kitambulisho, nikabonyeza vidole, nikatoka pale najiona mwanamke mwenye kitu chake. Sasa nikaigeuza ile siku kichwa chini. Mimi alinisajili peke yangu kama mpangaji, yule akampa jina lake. Na kama jina ni lake, pesa nayo ni yake, na mota yangu imekaa Koboko kwenye kanga ya mwanamke mwingine, imefungwa fundo. Halafu likanijia lile lililoniunguza kuliko yote. Atalinunua shuka langu kwa pesa ya mume wangu, atalitandika kwenye kitanda chake, na wiki ya kule ikifika mume wangu atalala juu ya ndege niliowashona mimi mpaka macho yakatoa maji.

Wiki ile alikuwa kwangu. Adhuhuri akaja kula, nikampakulia ugali wa muhogo na maharage, nikakaa nikimwangalia anavyomega. Kuuliza si ujinga, kila mtoto huambiwa hivyo. Sikuuliza. Nilikuwa na kijiba cha roho, na kijiba cha roho hakipendi kujibiwa. Alikula akashiba, akanawa, akarudi kwenye magunia yake.

Alasiri simu ikalia tena. Ni wa Koboko: ujumbe wa sauti wa dakika mbili na nusu, na chini yake picha ya kitabu kidogo chenye mihuri. Nilijua ni nini. Ni mdhamini wake, kwa sababu wale wote wengine walileta hivyo hivyo. Sikuisikiliza. Niliifunika simu kwa kipande cha kitambaa nikaendelea kukanyaga cherehani.

Ijumaa baada ya sala mwenyekiti alipita dukani kuipitia orodha. Ni mzee mpole, anasoma kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye namba ya Koboko.

"Na hii je?"

"Jina hapana kulingana," nikamwambia kwa Kiswahili cha huku.

"Mudhamini?"

"Hapana."

Akaikata kwa mstari. Hakuuliza zaidi, kwa sababu mimi ndiye mkali, mimi ndiye nisiyedanganywa. Alipotoka, nilishona pindo upande usio wake, nikalifumua. Lakini sitaongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza: nilifurahi pia. Nilinunua soda baridi nikainywa yote peke yangu.

Mnada ulifanyika Jumamosi alasiri. Kamati tulikaa uani kwa mwenyekiti, kila mtu na simu yake, jogoo akipita kati ya miguu yetu. Mbuzi akaenda vizuri. Asali wakaigombania ndugu wawili wa Kampala ambao nadhani wana ugomvi wao wa zamani. Kisha likaja shuka. Mwenyekiti akaandika: nani anafungua? Kimya. Akaiweka picha mara ya pili. Kimya. Mtu mmoja akaandika, "Hii si ya nyanya yangu mzaa mama?" na wengine wakamfuata na vile vikaragosi vinavyocheka mpaka vinalia. Wenzangu wa kamati wakazikazia macho simu zao, hakuna aliyenitazama.

Wakati huo huo ukaingia ujumbe kwangu peke yangu. "Dada, mimi naweza kuandika bei? Shuka iko peke yake." Waliokuwa na ruhusa ya kuandika bei ni wale tu niliowapitisha. Yeye alikuwa ndani ya kundi kama mtazamaji, anasoma kila kicheko. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye goti.

Dakika saba zikapita. Mwishowe bwana mmoja wa Juba, mwenye jina lililolingana herufi kwa herufi na mdhamini mwenye sauti nzito, akaandika elfu thelathini, na mwenyekiti akafunga upesi kwa kunihurumia.

Bwana yule hakulipa. Wiki ya kwanza alisema benki. Ya pili alisema mtandao. Ya tatu hakusema kitu, na mdhamini wake akazima simu. Shuka likarudi kwangu ndani ya nailoni yake. Kwenye kikao cha kufunga kazi mwenyekiti akatusomea: tangi limenunuliwa, kitanda kimoja kimenunuliwa, kitanda cha pili kimepungukiwa laki moja na elfu themanini, kwa hiyo akina mama watavumilia kile cha waya mpaka Mungu atakapojalia. Wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikatoa hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeitoa.

Jioni ile mume wangu akarudi kutoka Koboko. Hata viatu hajavua nikamrukia.

"Laini ya mwenzangu kwa nini iko na jina yako?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Yeye hapana na kitambulisho. Walimuzaa ukimbizini, huko Congo. Kila saa akienda ofisi, wao nasema leta karatasi ya kuzaliwa. Karatasi gani? Mama yake alimuzaa kwa njia, watu nakimbia. Sasa nani angemuandikia laini? Niliandika mimi."

"Na pesa?"

"Pesa gani?"

"Ile unamupa!"

Hapo akacheka mpaka akakaa. "Mimi namupa? Mimi nakopa kwake, mama. Hii maharage yote ya mwezi uliopita ni pesa ya karanga yake."

Mtu mwenye akili angetulia pale. Mimi roho iliniuma upya, kwa upande mwingine. Miaka kumi na sita nimeolewa na mwanamume huyu, na hajawahi kunikopa hata elfu kumi. Kumbe kuna mwanamke ambaye yeye humwendea kwa adabu akamwomba, na mimi ananiambia nivumilie. Nilimpa maji ya kuoga.

Kesho yake, kabla ya wateja, niliitafuta ile sauti nikaifungua. Kwanza kulikuwa na kuku na watoto. Kisha yeye.

"Dada mukubwa, salamu sana. Hii laini iko kwa jina ya mzee, wewe itaona. Mimi kitambulisho bado. Lakini pesa iko yangu, ya karanga ya kusaga, iko kwa sanduku ya kikundi yetu ya wanawake. Picha ya kitabu ya akiba nimetuma. Mama anashika ufunguo iko hapa, yeye atasema."

Sauti nyingine ikaingia, ya mwanamke mzee. "Mimi nashika ufunguo moja ya ile sanduku, kufuli iko tatu. Huyu mama, pesa yake iko. Mimi naona na macho yangu."

Kisha yeye tena, sasa kwa sauti ya chini. "Dada, mimi naona kwa simu, mbuzi iko na moyo mingi, shuka yako hapana. Kama mutu hapana kununua, watu nacheka nyumba yetu. Mimi hapana kupenda hiyo. Na tena iko muzuri, hii ndege yako napenda. Mzee usiambie. Hii iko ya sisi wanawake."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena pale aliposema nyumba yetu. Mimi nilikuwa na nyumba yangu na nyumba yake, na mume anayekatwa katikati. Nyumba yetu sikuwa nayo. Nilikaa juu ya kiti cha cherehani nikaona aibu, na chini ya aibu, sifichi, palikuwa na wivu ule ule. Safari hii nilimwonea wivu wa moyo wake. Wa mume nilishajua namna ya kuubeba.

Miezi minne nilitafuta ujasiri. Kisha Jumanne moja nikafunga duka, nikalikunja shuka, nikaenda Koboko.

Nilimkuta uani anakaanga karanga kwenye sufuria pana. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Aliponiona alisimama na mwiko mkononi, akaangalia nyuma yangu kama kuna msiba nimeuleta. Nikamwambia hakuna msiba. Akanipa kiti, akanipa chai, na kabla sijainywa nikasema nililokuja kulisema.

"Niliambia mwenyekiti hapana na mudhamini. Nilisema uongo."

Aligeuza karanga zisiungue. "Nilijua," akasema. "Ile sauti, simu naonyesha kama mutu amesikia. Wewe hapana kusikia. Mimi naangalia kila siku, siku ingine, siku ingine. Halafu wiki mingi, siku moja asubuhi, imesikiwa."

"Ulikasirika?"

"Sana. Nililaani wewe kidogo." Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilitamani kujua amenilaani kwa maneno gani.

Nikamtolea shuka, nikasema ni zawadi. Akakataa. Aliingia ndani akatoka na laki mbili zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa, akazihesabu mbele yangu, akasema mnada ni mnada, shuka hachukui bure, na hii pesa si yangu, ni ya kitanda cha kuzalia, nimwandikie risiti ya kamati. Nikaandika. Kisha akaniita chumbani nimsaidie kutandika. Tukashika pembe, yeye huku, mimi kule, tukalivuta. Lilikaa kwenye kitanda kile vizuri kuliko lilivyowahi kukaa kwangu. Na wiki ile ilikuwa ya kule. Niliuma midomo nikawanyoosha kanga wangu mmoja mmoja kwa kiganja.

"Sasa jaribu laini yangu," akasema. "Kitambulisho imetoka. Nimebadilisha."

Alinipa namba, ingawa nilishakuwa nayo, akasimama begani kwangu. Nikaanza kutuma shilingi mia tano. Simu ikafikiri kidogo, ikaleta majina matatu. La kwanza nililijua. Mengine mawili, la babake na la ukoo wao, miaka tisa sikuwahi kuuliza. Nikayasoma kwa sauti, taratibu, na yeye akaitikia kila moja kama mwanafunzi anayeitwa asubuhi.

"Inalingana?"

"Inalingana."

Kidole kilikuwa kimeshazoea kukata. Safari hii niliweka namba ya siri, nikabonyeza. Simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama, akaisogeza karibu na uso, akatoka nje mlangoni akiwapigia kelele majirani zake. "Mia tano! Mama ya Arua ametuma mimi mia tano! Mukono yake iko ngumu, jamani!"

Wakacheka huko nje. Nikamfuata, nikasimama karibu na sufuria, uso unaniwaka.

"Ile iko ya kujaribu tu," nikasema. "Mdogo wangu, nataka kukopa kwako. Pesa ya mota ya cherehani."

Akaacha kucheka. Akaupanguza mwiko kwa vidole, akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kama mimi nilivyowatazama watu wote wa lile daftari.

"Mudhamini yako nani?"

Nilipitisha watu kichwani, wa Arua na wa Koboko, wanaojua mlango wangu na yaliyomo ndani yake. Nikamtajia yeye mwenyewe, mdogo wangu, kwa majina yake yote matatu.